Helmeti Laini

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na kibaraza. Kibarazani ndipo mke alipoweka cherehani yake. Mtaa mzima ulimwita Fundi, hata watoto wadogo ambao hawajawahi kumpelekea kifungo. Suruali iliyochanika, zipu iliyokwama, sare ya shule iliyoanza kumbana mwenyewe, vyote vilipita mikononi mwake na vyote vilitoka vimepona.

Mumewe alikuwa dereva wa bodaboda. Wenzake kituoni walimwita Taratibu, kwa sababu ndivyo alivyoendesha. Hakufukuzana na mtu. Hakupenya katikati ya magari. Wajawazito walimtafuta yeye, na wauza mayai pia. Wenzake walimtania kwamba ipo siku kobe atampigia honi apishe njia. Yeye alicheka tu, akafuta kioo cha pikipiki yake, akaendelea kungoja abiria.

Asubuhi moja Taratibu alirudi nyumbani kunywa chai. Alivua helmeti yake mpya, akaiweka juu ya meza ya cherehani. Kwenye paji la uso palikuwa na mstari mwekundu, kama mtu aliyelalia kamba.

Alilalamika kwamba helmeti ile inambana. Jasho linamtiririka mpaka machoni. Jioni kichwa kinamgonga. Wenzake wengine, alisema, wanazitundika kwenye usukani na kuzivaa wakimwona askari tu. Naye alikuwa amefika mahali pa kutaka kufanya hivyohivyo.

Fundi aliugusa ule mstari kwa ncha ya kidole. Alimwonea mumewe huruma. Yeye alijua jambo moja kuhusu vitu vinavyobana: vinalegezwa. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akilegeza vitu, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika.

Aliigeuza helmeti, akatazama ndani. Kulikuwa na kitambaa chembamba. Chini ya kitambaa kulikuwa na povu gumu jeupe, kama lile linalokuja ndani ya boksi la televisheni. Alilibonyeza kwa dole gumba. Halikubonyea.

"Mchawi wako ni huyu hapa," alimwambia mumewe. "Niachie. Chukua ile ya zamani kwa leo."

Alichukua kisu cha jikoni, akalikata lile povu na kulitoa vipande vipande. Mahali pake akapanga sponji laini la godoro kuukuu, tabaka juu ya tabaka. Juu yake akashonea kitambaa cha pamba chenye maua madogo ya buluu. Mishono ilikuwa midogo na imenyooka. Ilikuwa kazi safi kweli.

Taratibu alipoijaribu alifumba macho, akasema ni kama amelaza kichwa kwenye mto.

Habari zilifika kituoni siku hiyohiyo. Kila mmoja aliijaribu helmeti ya Taratibu, na kila mmoja aliivua kwa shingo upande. Wa kwanza kuleta yake kibarazani alikuwa kijana waliyemwita Bwana Harusi. Harusi yake ilikuwa imepita zamani, lakini bado alivaa kila siku kama anayechelewa kwenda kuoa. Alitaka kitambaa cha mistari, kifanane na shati lake. Baada yake wakaja wengine. Haukupita muda, nusu ya kituo ikawa inavaa helmeti laini.

Fundi alifurahi. Alijiona naye ana mkono wake barabarani, katika kazi ya mumewe. Hakuna aliyemuuliza lile povu gumu lilikuwa la nini. Naye hakujiuliza.

*

Siku ile mvua haikunyesha, na barabara haikuwa na utelezi. Ilikuwa alasiri ya kawaida. Taratibu alikuwa amemshusha abiria, anarudi kituoni peke yake, polepole kama kawaida yake. Kando ya barabara gari lilikuwa limesimama. Dereva wa gari alifungua mlango bila kutazama nyuma.

Usukani wa pikipiki ulinasa kwenye mlango. Taratibu alirushwa, na kichwa chake kikapiga ukingo wa saruji kando ya barabara. Alikuwa amevaa fulana ya mikono mifupi na ndala.

Bwana Harusi ndiye aliyekuja kumwita Fundi. Alisimama chini ya kibaraza, akashindwa kupanda ngazi. Kijana yule hakuwahi kufika pale bila utani. Safari hii hakuwa nao, na Fundi akasimama kabla hajaambiwa neno.

Hospitalini walimkuta Taratibu amelala, kichwa kimefungwa bendeji. Viganja vyake vilikuwa vimechunika. Kisigino kimoja kilikuwa kimeliwa na lami. Lakini si hayo yaliyowatia daktari na wauguzi wasiwasi. Aliitwa, hakuitika. Daktari alieleza kwamba damu imevuja ndani ya fuvu. Wangemwangalia kwa karibu. Ikizidi, watampasua.

Dada yake Taratibu alikuwa muuguzi katika hospitali hiyo. Yeye na Fundi walikuwa mawifi wa kutaniana. Kila alipokuja kuwatembelea, muuguzi alidai kaka yake amekonda, na Fundi alimjibu amchukue akamnenepeshe mwenyewe. Siku hiyo walishikana mikono tu, wakakaa pembeni ya kitanda.

"Sielewi, wifi," Fundi alisema hatimaye. "Hakuwa anakimbia. Na helmeti alivaa. Niliifunga mimi kwa mikono yangu asubuhi."

Muuguzi naye hakuelewa. Alikuwa amewapokea majeruhi wengi wa pikipiki. Aliyefunga helmeti na kwenda mwendo mdogo, mara nyingi huja akilia mkono au mguu, na huja akilia kwa sauti yake mwenyewe. Aliinama, akaichukua helmeti iliyokuwa chini ya kitanda pamoja na ndala moja. Aliitazama nje. Kisha akaingiza mkono ndani.

Mkono ulisimama. Alibonyeza kitambaa cha maua. Akabonyeza tena.

"Nani ametoa vitu vya humu ndani?"

"Mimi," Fundi alisema. "Ilikuwa inambana."

Muuguzi alimshika wifi yake mkono, akamtoa nje, mpaka kwenye benchi la saruji karibu na mahali pa kufulia mashuka. Fundi alingoja kufokewa. Angefokewa ingekuwa nafuu. Lakini muuguzi alikuwa anachana mishono kwa mkasi wa bendeji, taratibu, kama anayefungua kidonda. Alitoa sponji, akaliweka juu ya benchi.

"Piga ngumi hapo. Piga kwelikweli."

Fundi alipiga. Sponji lilijikunja mara moja, na vifundo vya vidole vyake vikakutana na saruji. Alirudisha mkono kifuani.

Muuguzi aliingia stoo, akarudi na kipande cha povu gumu jeupe lililokuja na boksi la dawa. Akakiweka palepale. Fundi alisita, kisha akapiga. Safari hii mkono wake haukufika kwenye saruji. Povu lilipondeka. Alama za vidole vyake zilibaki mle, kama kwenye unga uliokandwa.

"Umeona limepondeka?" muuguzi aliuliza. "Hiyo ndiyo kazi yake. Nje kuna ganda gumu, linautawanya mshindo usiingie mahali pamoja. Ndani kuna povu, linapondeka lenyewe ili kichwa kisipondeke. Linaula ule mshindo. Sponji halili kitu. Linakuachia mshindo wote kama ulivyo."

Fundi alitazama vidole vyake vilivyoanza kuvimba. Kisha akatazama mlango wa wodi.

"Basi nimemuua kaka yako."

"Hajafa. Na yule aliyefungua mlango bila kutazama ana lake la kujibu." Muuguzi alikuwa dada pia, na sauti ilimtetemeka. "Lakini sitakudanganya, wifi. Kichwa kile hakikuwa na helmeti. Kilikuwa na kofia ya kulalia."

Nje ya ukuta wa hospitali pikipiki ilipita. Ikapita nyingine. Ndipo Fundi alipokumbuka. Kitambaa cha mistari. Cha maua mekundu. Cha madoadoa. Nusu ya kituo. Wote walikuwa barabarani saa hiyo, na wote walijua wamevaa helmeti.

*

Njiani kwenda kituoni alitafuta maneno. Muuguzi alikuwa amejitolea kufuatana naye, lakini Fundi alimwomba abaki na mgonjwa. Kazi hii aliiharibu mwenyewe.

Hata hivyo, moyo wake ulikuwa unamtafutia mlango wa nyuma. Watu wakijua, nani atamletea hata kifungo? Watamwonyesha kidole mtaani. Watasema amemlaza mumewe kitandani kwa sindano yake. Akaamua atawaambia tu kwamba anataka kuzifua helmeti na kubadilisha vitambaa, bure. Akishazipata zote, atajua la kufanya.

Madereva walimzunguka. Kwanza walimpa pole. Walitaka kujua hali ya mwenzao. Kisha akawaambia habari ya vitambaa.

Walimshukuru kwa wema wake, katika shida yote aliyokuwa nayo. Lakini hakuna aliyevua. Mmoja alisema chake bado ni safi. Mwingine akasema atampelekea wiki ijayo. Mwenyekiti wa kituo, mzee mwenye mvi kwenye ndevu, alimwambia arudi akamuuguze mume, mambo ya vitambaa yasubiri. Bwana Harusi alikuwa tayari amepata abiria. Aliwasha pikipiki, akavaa helmeti yake ya mistari, akavuta mkanda chini ya kidevu.

Fundi alikwenda akasimama mbele ya gurudumu.

"Zima," alisema.

Kijana alidhani anataka kupelekwa hospitali. Akamwambia ampishe amfikishe huyu abiria, atarudi kumchukua.

"Zima pikipiki, mdogo wangu. Hiyo helmeti haifai. Nimeiharibu mimi."

Kisha akawaambia yote. Hakujua kuhutubia watu, na sauti yake ilikuwa ndogo. Aliwaambia habari ya povu gumu na kisu cha jikoni. Aliwaonyesha vidole vyake vilivyovimba. Aliwaambia kwamba mume wake hajaamka, na kwamba sababu mojawapo ni mikono hii wanayoiona.

Abiria alishuka taratibu kwenye kiti.

"Kwa hiyo siku zote hizi tunaendesha vichwa wazi?" Bwana Harusi aliuliza.

"Ndiyo."

"Na ulikuja hapa kutuambia habari ya kufua vitambaa."

Fundi aliinamisha uso. Kijana alikasirika, na alikuwa na haki. Alisema yeye hakumlazimisha mtu kukata povu. Halafu, kama mtu anayetafuta namna ya kubaki na kitu anachokipenda, akasema kwamba kwa kweli yake ameshaizoea, kwamba barabara hizi anazijua, na kwamba yeye si mtu wa kwenda mbio hivyo.

"Yeye pia hakwenda mbio," Fundi alisema.

Mwenyekiti wa kituo ndiye aliyevua kwanza. Aliitazama helmeti yake ndani, akaibonyeza kwa ngumi, akatikisa kichwa. Akaiweka chini miguuni pa Fundi. Wengine wakafuata. Bwana Harusi alivua ya mwisho, na hakumtazama usoni alipomkabidhi.

*

Siku ya pili Taratibu alifumbua macho. Damu haikuongezeka, na hawakumpasua. Lakini kupona kwake kulikwenda polepole kuliko hata uendeshaji wake. Mwanzoni alipotewa na majina ya vitu. Kijiko alikiita ufunguo. Dada yake alimwita fundi, na mkewe akamwita sista. Muuguzi alisema basi wabadilishane mishahara. Wote watatu wakacheka, na Fundi akatoka nje kufuta machozi.

Alipopata nguvu za kusikiliza, mkewe alimweleza juu ya helmeti. Alieleza huku akikunja na kukunjua pembe ya shuka.

"Niliyelalamika ni mimi," Taratibu alisema. "Wewe ulinihurumia tu. Ungejua, usingekata." Akamshika vidole, vile vilivyokuwa vimevimba. "Sasa umejua."

Helmeti zile hazikurudishwa barabarani. Muuguzi alieleza kwamba povu lililokatwa halirudishiwi kwa gundi, na kwamba hata helmeti nzima ikishapigwa mara moja katika ajali, kazi yake imekwisha, ingawa kwa nje inaonekana nzuri. Walizivunja ili asije mtu akaziokota. Madereva walichangishana kununua mpya kwa pamoja. Fundi hakuwa na fedha ya kutosha kulipa hasara yote, kwa hiyo alijitolea kuwashonea, na wao wakakubali.

Kabla hajaanza, alimfuata wifi yake na kumuuliza ashone nini na asiguse nini. Hilo ndilo ambalo hakulifanya mara ya kwanza.

"Cherehani yako iishie shingoni," muuguzi alimjibu. "Kuanzia hapo kwenda chini, shona utakavyo."

Basi akashona makoti ya turubai zito, yenye mikono mirefu, na viwiko na mabega ya matabaka mawili. Mgongoni aliweka utepe unaong'aa taa za gari zikiupiga. Muuguzi alikuja kituoni siku yake ya mapumziko, akawaeleza kwamba lami ni kama kikwaruzo cha jikoni. Itakwaruza kitu, lazima. Afadhali ikwaruze koti kuliko ngozi. Mtu akianguka hutanguliza viganja, kwa hiyo glavu. Vidole na visigino huburutwa, kwa hiyo viatu vya kufunika mguu, vinavyopanda mpaka juu ya kifundo. Alimnyooshea kidole dereva mmoja mwenye ndala, akamuuliza kama anavipenda vidole vyake vyote au kuna kimoja anachotaka kugawa.

Na ule mstari kwenye paji la uso? Muuguzi aliwaonyesha kwamba ni lazima kuchagua helmeti ya kipimo cha kichwa, si ya kipimo cha bei. Iliyo sawa hukaza pande zote, wala haigongi mahali pamoja. Ukiitikisa kwa mikono, ngozi ya uso isogee pamoja nayo. Ukifunga mkanda, vidole viwili tu vipite chini ya kidevu. Helmeti isiyofungwa huruka kabla mwenyewe hajafika chini.

Kuhusu jasho na harufu, Fundi alikuwa na wazo, na safari hii aliuliza kwanza. Je, kofia nyembamba kabisa ya pamba, ya kuvaliwa kichwani chini ya helmeti? Muuguzi aliipima kwa vidole, akaona haizidi unene wa leso, akakubali. Fundi akashona nyingi. Kila dereva alikuwa na zake na za abiria, na kila jioni zilifuliwa. Abiria waliokuwa wakikataa kuvaa helmeti kwa sababu ya nywele zao au jasho la watu wengine, wakabaki hawana kisingizio.

Taratibu aliporudi barabarani, alivaa vyote. Wenzake walisema sasa anafanana na mtu anayekwenda mwezini, ila kwa mwendo wake atafika uzeeni. Alicheka. Bado kichwa kilimuuma jua likiwa kali, na siku hizo alikaa nyumbani.

Bwana Harusi alikuwa akimsalimu Fundi, lakini hakukaa kibarazani kama zamani.

*

Msimu wa mvua ulipoingia, Bwana Harusi alikuwa anamrudisha mama mkwe wake nyumbani. Kwenye kona palikuwa na matope. Tairi la nyuma likateleza, na wote wawili wakaenda chini.

Fundi alizisikia habari hizo nusunusu, kutoka kwa mpita njia, akaacha nguo chini ya sindano. Hakujua akimbilie hospitali au kituoni. Alikuwa bado anavaa viatu alipowaona wakija kwa miguu, mama mkwe mbele, Bwana Harusi nyuma kwa adabu, koti lake limechubuka kiwiko mpaka tabaka la pili.

Mama yule alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya afya kabisa. Alianza kusimulia kabla ya kukaa. Alisema mkwe wake alimsumbua avae helmeti, na alipoona mama hajui kuifunga, akaona haya kumshika kidevu. Akasimama barabarani akimwomba kila mwanamke anayepita aje amfungie mkwewe mkanda. Watu walijaa kutazama. Mama alifedheheka sana. Akavaa ile kofia nyembamba, akafungwa mkanda na muuza nyanya, vidole viwili vikapimwa, ndipo wakaondoka.

"Na kichwa kilipiga wapi, mama?" Fundi aliuliza.

"Kwenye jiwe. Nilisikia pwaa." Mama alichukua helmeti kutoka kwa mkwe wake. Ganda lilikuwa limepasuka upande mmoja, na ndani, povu jeupe lilikuwa limepondeka. Palikuwa na bonde la kutosha kulaza yai. "Tumetoka zahanati sasa hivi. Wamenimulika macho, wamenihesabisha vidole, wameniambia niende na nirudi nikisikia kizunguzungu. Mimi nimekuja kwa ajili ya gauni. Tazama. Limechanika mpaka hapa, na Jumapili nina safari."

Bwana Harusi alipanda ngazi za kibaraza. Alivuta kile kigoda alichokalia zamani, akakaa. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kituoni, akamtazama Fundi usoni.

"Mtazame, dada," alisema. "Mimi naona haya kumshika. Namwamini daktari, lakini nataka na wewe umtazame."

Fundi alimwomba mama ruhusa. Mama alivua kofia ya pamba, akainamisha kichwa huku akinung'unika juu ya gauni lake. Fundi aliingiza vidole kwenye nywele zake zenye mvi. Alipapasa polepole, kuanzia paji la uso mpaka kisogoni, kama anayetafuta mahali palipofumuka.

Hapakuwa na mahali palipofumuka.

Ndipo akalishika gauni mahali lilipochanika.